Basi nilishaisema mara moja

Mhariri, wiki hii mmeuliza mtoto akishazama kwenye unga, yaani heroini, mzazi afike wapi ndo aseme basi. Nimelisoma swali asubuhi nikaweka simu chini, jioni nikalirudia, kwasababu mimi hiyo basi nilishaisema, nikaisema kwa sauti mpaka majirani wakasikia, na siku tatu baadae nikaitwa nikamkuta mwanangu amelazwa sakafuni midomo imekuwa ya bluu. Kwahiyo mnivumilie nijibu kwa urefu kidogo.

Mwanangu ni wa kwanza kuzaliwa na ni mashoto. Alivokuwa mdogo kuna mwalimu alikuwa anampiga rula za vidole eti aandike kwa mkono wa kulia, nikaenda mwenyewe nikagomba pale mpaka wakamwacha. Naitaja hii kwasababu ndo nilivokuja kujua. Dalili zote tulikuwa tunaziona ila kila moja tunaitafutia sababu yake, anasinzia katikati ya maongezi tunasema kachoka, mikono mirefu ya shati kwenye joto tunasema fasheni, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano hata hatukujua kama hiyo nayo ni dalili, vijiko vinapungua jikoni, kumbe ndo vya kuchemshia unga, sisi tunagombeza wadogo zake. Sasa siku moja kasinzia kwenye kochi, nikaona kucha ndefu chafu, nikachukua wembe nikaanza kumkata taratibu kama zamani, nikampandisha na mkono wa shati. Alama zote zilikuwa mkono wa kulia. Wa kushoto safi kabisa. Nilikaa nimeushika ule mkono sijui muda gani, maana mpaka dakika ile kichwani mwangu nilikuwa na mtu wa kumlaumu, kuna mashetani huko nje wanamfanyia mwanangu hivi, kumbe anayemdunga ni mkono uleule niliougombania. Nikamalizia kucha zilizobaki. Sikumwamsha.

Miaka iliyofuata wenye mtoto wa hivi mnaijua, sitaichambua. Vitu vinatoka ndani kimojakimoja, simu, redio, viatu vya mama yake, na kila kitu kina stori yake ya uongo nzuri kabisa. Nilimlipia madeni ya watu waliokuja getini usiku. Nilimfungia chumbani nikidhani arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, ni kama homa, inapita, nikamwona anapiga miayo mfululizo, kamasi zinatiririka, vinyweleo vimesimama kama mtu anayesikia baridi, anatapika, anaharisha, miguu inampiga teke kitandani yenyewe. Inaanza ndani ya masaa machache tangu dozi ya mwisho, siku ya pili na ya tatu ndo inapamba moto, na mwili unaweza kuchukua wiki hivi kutulia. Usiku wa pili ananililia "baba nipe hata ya kete moja tu, ya mwisho", mimi nilimpa. Wanaonihukumu sina ugomvi nao.

Baadae akakubali mwenyewe kwenda soba hausi, nyumba wanayokaa waraibu ili waache unga, akakaa miezi minne, akarudi amenenepa, anacheka, mama yake akaanza kuimba tena akifua. Wiki ya pili simu ya mdogo wake ikapotea. Pale ndo nikasema basi. Nikamtoa, nikabadilisha kitasa, nikamwambia kwangu umekufa. Yaani hilo neno nililisema.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia, na ndo sababu kubwa ya mimi kuandika leo, ni kwamba mtu aliyetoka kukaa bila unga yuko kwenye hatari kubwa kuliko teja wa kila siku. Mwili ukikaa wiki au miezi bila hiyo kitu unasahau kuimudu, ila kichwa kinakumbuka kipimo kilekile cha zamani. Akirudia kwa kipimo kile pumzi inapungua, inapungua, inakata. Ndo maana wengi wanakufa wakiwa wametoka tu soba hausi au jela, siku zilezile familia inasema jamani kapona au inasema jamani tumechoka. Mwanangu alijidunga akiwa peke yake, nje, kwasababu mimi nilikuwa nimebadilisha kitasa. Mwenzake mmoja, teja, wale ambao nilikuwa nawafukuza getini kama mbwa, ndo alimkuta akamgeuza ubavu na kukimbia kutafuta watu.

Nesi alimdunga naloksoni. Kwa asiyeijua, hii ni dawa inayoenda kuung'oa unga pale ulipokalia kwenye ubongo, mtu ambaye hapumui anaanza kupumua ndani ya dakika chache. Haitibu uraibu, na nguvu zake zinaisha mapema, pengine nusu saa, pengine saa moja na zaidi kidogo, unga ukiwa bado mwilini anaweza kuzama tena, kwahiyo hutakiwi kumwacha aondoke eti kwavile kaamka. Mwanangu alivoamka aliamka na arosto juu, akanitukana matusi ambayo sijawahi kutukanwa na mtu, na mimi nilikuwa nayasikiliza kama nasikiliza muziki, maana kutukana lazima upumue.

Nimesoma baadae kwamba Jack Fishman, mmoja wa wanasayansi wawili waliotengeneza naloksoni huko Marekani mwaka 1961, mtoto wake wa kambo alifariki kwa kuzidisha heroini mwaka 2003. Nimelifikiria sana hilo. Mtu dawa kaitengeneza kwa mikono yake, zaidi ya miaka 40 imepita, na bado haikumfikia wa nyumbani kwake. Kwahiyo mzazi unayejipiga kichwa ukutani kwamba ungejua hiki ungefanya kile, nakuomba uache.

Sasa kuhusu majonzi, maana nayo mmegusia kwenye swali. Msiba wa kawaida watu wanakuja, wanakaa na wewe, wanakushika mkono. Huu wa kwetu mtu yupo, anapita barabarani kakonda, watu wanamwona afu wanakuangalia wewe. Mimi nilikuwa namlilia kijana wangu wakati kijana mwenyewe kakaa mbele yangu anasinzia, nikawa naona aibu, nikajiona kama namwombea kifo. Kuna mtaalamu wa familia wa Marekani anaitwa Pauline Boss, tangu miaka ya 1970 anafundisha kwamba kuna kupoteza kusiko na mwisho, mtu mwili upo lakini yeye hayupo, kama kwa mgonjwa wa kusahau au kwa mraibu, na kwamba hii huzuni inachosha vibaya kwasababu hakuna siku ya kuzika. Nilivosoma hivo nikalia vizuri kwa mara ya kwanza. Nilimlilia yule wa kabla, aliyekuwa anachora magari kwenye kila daftari kwa ule mkono wake wa kushoto. Huyu aliyebaki nikaanza kumjua upya, na kwakweli ni mtu mwingine, muoga, mpole, anaomba samahani hata akidondosha kijiko.

Saa hivi yuko kwenye methadoni, dawa ya kunywa anayopewa badala ya unga. Anaenda kliniki anainywa mbele ya nesi. Na mimi nilikuwa wale wale wa kusema si umetoa dawa ukaweka dawa, mpaka nikaelewa kwamba inakaa mwilini siku nzima bila kumpandisha na kumshusha, arosto haimsumbui, na asubuhi hana sababu ya kuamka akiwaza leo niibe nini. Madaktari walianza kuitumia hivi New York miaka ya 1960, na shirika la afya duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005. Ameteleza mara mbili tangu aanze. Mara zote alinipigia mwenyewe kuniambia. Zamani ningevunja sahani, siku hizi namuuliza uko na nani, usiwe peke yako, kesho kliniki nakusindikiza.

Kwahiyo basi yangu ni ipi? Pesa mkononi basi. Kulipa madeni yake basi, kumdanganyia kwa watu basi, kulala ndani akiwa kapiga stimu nako basi, na hilo linaniuma kila likitokea lakini mama yake ameshindwa na ana haki ya kushindwa. Ila kupokea simu yake, kwenda naye hospitali na kumwita mwanangu, kwa hayo sina basi na sitaki kufundishwa.

Niliyemchelewea ni mdogo wake wa kike. Ile simu iliyopotea ilikuwa yake, alikuwa anasomea humo mtihani. Matokeo yalivotoka sisi tuko hospitali, tukarudi, ikapita siku ya kwanza, ya pili, ya tatu ndo mama yake kauliza, mtoto akasema "nilifaulu" afu akaendelea kufua. Hakusema kwa hasira hata kidogo, na hilo ndo lililonitisha. Miaka yote ile ndani ya nyumba alikuwa amejifunza kutokuwepo. Sasa Jumamosi ni siku yake na mimi, tunatoka, tunaongea mambo yake tu. Kaka yake akipiga siku hiyo napokea nusu dakika, nasikia sauti, nasikia anapumua, namwambia nitakupigia jioni, nakata.