Get: neno lenye mikia mingi

Nilimsubiri dereva getini kuanzia saa nane mchana mpaka adhana ya magharibi. Ilikuwa Busia, mpakani na Kenya, upande wa Uganda, miaka michache kabla ya kituo cha pamoja cha mpakani kuzinduliwa mwaka 2018. Nilikuwa karani kwa wakala wa forodha, kijana wa kutumwatumwa. Wiki hiyo tulikuwa na shida ya madereva, na bosi alikuwa Kampala. Akanitumia ujumbe mfupi: "I got the driver to sign."

Nikausoma hivi: nimepata dereva, wa kusaini. Basi nikakaa getini namngoja huyo dereva mpya. Kumbe dereva alikuwa yule yule, alishasainishwa tangu asubuhi, na muda wote huo yumo ndani ya lori, hatua hamsini nyuma yangu, anakoroma. Bosi alichotaka ni mimi nichukue karatasi nizipeleke dirishani. Dirisha likafungwa, lori likalala yadi, na gharama ya kulilaza ikatoka kwenye mshahara wangu.

Kosa langu lilikuwa dogo na ni la wengi wetu tuliokua na Kiswahili kichwani. Nilijua kwamba got ni get ya jana, na get ni kupata, nikaona nimemaliza. Na shuleni hakuna aliyenisaidia. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mungu amrehemu, alikuwa akiona got kwenye insha anaikata kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake obtained au received. Tukalikimbia neno hilo kwenye daftari, na tulipotoka nje ya darasa tukalikuta limejaa kila kona ya mji.

Siku hizi nafundisha Kiingereza cha jioni Nsambya, Kampala, wengi wa wanafunzi wangu wakiwa ndugu zetu wa Kongo. Jioni moja mama mmoja anayeuza vitenge aliinua mkono: "Mwalimu, hii get ina kazi ngapi? Kila siku unatuletea ingine."

Sikumjibu kwa Kiingereza. Niliandika ubaoni pata, patia, patana, patikana, patwa. Nikamuuliza, Mama, kupatana na kupatwa ni kitu kimoja? Akacheka. "Aa, hapana. Kupatana ni amani. Kupatwa ni mabaya."

Ndiyo hivyo. Sisi tunasikiliza mkia wa kitenzi bila hata kufikiri. Kiingereza nacho kina mikia, ila kimeikata na kuiandika mbali na mwili. Get along with ndiyo kupatana. Get by ni kubangaiza, siku zinasogea. Get over ni kupona, au machungu kukutoka moyoni. Get rid of ni kuondoa kitu usikione tena. Get away with ni kufanya kosa usishikwe. Ukiitafsiri get peke yake umeshika mwili usio na mkia, na hujui ni mnyama gani.

Mkia ulioniponza mimi ndio ninaoukalia darasani kuliko yote. Get, kisha mtu, kisha to na kitenzi: hapo hakuna kupata, hiyo ni -isha yetu. I got the driver to sign, nilimsainisha dereva. I got him to pay, nilimlipisha. Nayo ina harufu kidogo ya kubembeleza au kusukuma, kwamba mtu hakufanya kwa hiari yake tu. Akitoweka mtu, ikabaki kazi, kama get the phone repaired, maana yake tengenezesha simu. Nani ataitengeneza si neno.

Halafu kuna -wa. He got robbed, aliibiwa. She got fired, alifukuzwa kazi. Get married nayo ina vituko vyake, maana Kiingereza hakijali nani ameoa na nani ameolewa, wote wame-get married. Na kuna -ia: Get me a rolex, niletee rolex, ile chapati ya Uganda iliyoviringishwa na mayai. Ukimsikia mtu wa ofisini anakwambia hivyo, usimjibu kwamba unamtakia apate. Inuka, nenda kwa mkaanga chapati.

Ikifuatwa na sifa, get ni kuwa au kugeuka, na hapa Kiswahili kimetuharibu kwa utajiri. Get old ni kuzeeka, get fat kunenepa, get angry kukasirika. Sisi kila moja ina kitenzi chake, wao wanatumia kimoja. Nilipoliona hilo nililipenda neno hili, kwa kweli. Ni neno la mvivu mwenye akili. Wala si la Waingereza tangu mwanzo. Lilikuja na Waviking kutoka kaskazini, likakaa mpaka likawa la nyumbani, kama sisi na kitabu na safari.

Mahali pakifuata, ni kufika: we got to Jinja at nine. Kwenye magari jihadhari. Basi ni get on na get off, kama boda. Gari dogo na taksi ni get in na get out. Nilichojishikia mimi ni hiki: chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, au unachopanda kama punda, ni on, kile unachoingia umeinama ni in.

Mtu wa Kampala akimaliza sentensi na "You get?" anauliza kama umeelewa, hakupi kitu. Na I've got si ya jana: ni ninacho sasa hivi. Ongeza to, inakuwa lazima. You've got to go, huna budi kuondoka.

Kwa hiyo kwenye daftari lako usiandike get pekee. Andika sentensi nzima uliyoisikia, na nani aliisema, na ubavuni Kiswahili chake cha kitenzi kimoja. Ukikosa kitenzi, muulize aliyeisema. Barua ya kuomba kazi ndiyo mahali pa kumtii yule mwalimu wangu: andika I received your letter. Kwenye simu na mezani, tumia get bila woga, kwa maana anayesema obtain dukani huchekwa.

Get there nimeiacha makusudi. Ni kufika mahali, na pia ni kukaribia kufaulu jambo. Yule mama wa vitenge alipotea darasani wiki mbili. Jioni moja, dakika kumi kabla ya kipindi, nikamwandikia kumuuliza anaendeleaje. Jibu likaja kwa Kiingereza: "Getting there, Mwalimu."

Nikalisoma mara mbili. Nikatoka mpaka getini, nikakumbuka Busia, nikampigia simu.