Maswali ya Wasomaji: “Mhòr” haimo kwenye kamusi

SWALI: Ramani ya kisiwa cha Barra, Uskoti, ina Tràigh Mhòr. Kamusi ya Kigaeli inayo “tràigh”, ufuko, “mhòr” siioni. Wamekosea? (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Hawajakosea, ndugu. Ondoa h, utafute “mòr”: kubwa. Tràigh ni nomino ya kike, hivyo kivumishi chake huongezwa h, na mh hutamkwa v. Rubha, yaani rasi, ni ya kiume: Rubha Mòr, bila h. Hata kwetu mgeni akitafuta “kikubwa” kwenye kamusi ataambulia patupu! Mpangilio nao ni wetu, nomino kwanza, kivumishi baadaye: tazama Msangamkuu (msanga, yaani mchanga, kisha mkuu), ng’ambo ya bandari ya Mtwara. Ufuko wenyewe wa Tràigh Mhòr ni uwanja wa ndege. Ratiba hufuata maji kupwa.