Siku saba mnazozichezea

Jana nimeletewa taarifa ya ajali na mmoja wenu. Kwenye sababu ameandika: "Uzembe wa mfanyakazi, aliteleza mwenyewe." Wadogo zangu wa ofisi ya utumishi, nawapenda, lakini hili tumelizungumza mara ngapi?

1. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa hapa Tanzania hausubiri bosi apatikane na kosa ndipo ulipe. Mtu ameumia akiwa kazini, basi. Na kazi yako si kutafuta nani mzembe. Wewe andika saa, mashine, alichokuwa akifanya na nani aliona.

2. Siku saba za kutoa taarifa kwa Mfuko hazingoji meneja arudi safari. Supavaiza akikupigia usiku, anza kuhesabu usiku huohuo.

3. Vibarua nao ni wafanyakazi. Hapa mnivumilie.

Mwaka wangu wa pili kazini, kijana wa kibarua alibanwa vidole viwili kwenye mashine ya mabati. Meneja akasema, "Huyo si wa kudumu, mtibuni mmalizane." Nikachukua hela ya dharura, nikampeleka zahanati, nikalipa, nikampa na nauli. Niliona nimetenda wema. Dirishani waliuliza ameumiaje, nikajibu, "Kaumia tu." Hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye kadi yake. Fomu sikujaza. Daftari la ajali sikuligusa.

Mwezi wa tisa akaja getini. Vidole vimekakamaa, nyundo haishikiki, na mkewe ni mjamzito. Nikaanza kuutafuta ushahidi nilioutupa kwa mikono yangu. Kadi haikutaja kazi. Kwenye orodha ya mishahara hayumo, maana alisaini karatasi za wiki, nazo zilishachomwa. Mwenzake wa mashine alikuwa amehamia Geita, simu haipatikani. Tulihangaika miezi na miezi, madai hayakusimama.

Ningeripoti siku ile, angelipwa asilimia 70 ya ujira wake kwa muda aliokuwa hawezi kazi. Kisha ulemavu wake ungepimwa: usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Yeye aliambulia nauli yangu. Na siku tunaachana getini, alinishukuru kwa nauli ile. Nililia garini.

4. Hospitali, mgonjwa aseme kwa kinywa chake: nimeumia kazini. Asipoweza, semeni nyinyi.

5. Mchango ni wa mwajiri. Kwa sekta binafsi ni nusu asilimia ya ujira tangu Julai 2022. Nikikuta umemkata mfanyakazi hata shilingi moja, tutakosana.

6. Ile taarifa ya jana nimeirudisha. Mwenye nayo anajijua. Neno "uzembe" litoke, jina la shahidi liingie, na iwe mezani kwangu leo kabla ya saa sita, kwa sababu hii ni siku ya tano.