Maikrokontrola nyumbani: angalia kebo kwanza

Vijana wengi huniuliza wanunue nini ili waanze kuprogramu maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, nyumbani. Jibu langu ni fupi: shuka Luthuli Avenue, Nairobi, ununue Arduino Nano moja, bodi ndogo yenye maikrokontrola, hata ya kuiga, pamoja na kebo, taa chache za LED na rezista za omu 220. Yale masanduku yaliyojaa sensa na mota yaache dukani kwanza. Mengi huishia chini ya kitanda, bado yamo kwenye nailoni.

Kebo ndiyo ya kuchunguza. Nyingi za bei rahisi ni za kuchaji tu. Ndani hazina nyaya za kupitisha data. Bodi itawaka taa vizuri nawe utadhani mambo ni shwari, kumbe kompyuta haijaiona kabisa. Mwombe muuzaji aichomeke kwenye kompyuta yake, uone kwa macho yako. Akileta maneno, hamia duka la pili, Luthuli hayakosekani.

Ukifika nyumbani, kama unatumia Linux, chomeka bodi kisha andika amri hii, inayoonyesha kompyuta imeona nini:

sudo dmesg | tail

Nano za kuiga kwa kawaida hutumia chipu ya CH340 kuwasiliana kwa USB, na dereva wake (programu ya kuiendesha) imo tayari ndani ya Linux, kwa hiyo utafute jina ttyUSB0, ambalo Linux huipa bodi. Kwenye Ubuntu 22.04 jina hilo linaweza kutokea na kutoweka papo hapo. Mchawi ni brltty, programu ya vifaa vya breli, inayodhani bodi yako ni kifaa chake. Kama hakuna anayetumia kifaa cha breli kwenye kompyuta hiyo, iondoe. Kisha jiunge na kundi la dialout, lenye ruhusa ya kuwasiliana na bodi, kwa amri hii, halafu utoke kwenye akaunti yako, uingie tena:

sudo usermod -aG dialout $USER

Hapa ndipo wengi hukata tamaa wakidhani wameshindwa na programu, na hata mstari mmoja hawajaandika!

Washa taa kwanza kwa Arduino IDE, ambayo ni programu huria. Upakiaji ukigoma, chagua ile "Old Bootloader" kwenye menyu ya Tools, sehemu ya Processor. Nano nyingi za kuiga huhitaji hiyo. Taa ikishapepesa, kifaa ni kizima, na mimi ningekushauri uhamie upesi kwenye zana zenyewe za kuandika kwa lugha ya C na kupakia kwenye bodi:

sudo apt install gcc-avr avr-libc avrdude

Hazimezi bando sana, na baada ya hapo unafanya kazi bila intaneti. Taa iliyo juu ya bodi imeunganishwa na pini PB5. Mstari DDRB |= (1 << PB5); huifanya pini hiyo iwe ya kutoa umeme, na PORTB ^= (1 << PB5); huigeuza hali, kuwaka au kuzima, kila mstari huo unapopitiwa. Weka _delay_ms(500), yaani subiri milisekunde 500, katikati uone tofauti. Chipu ya ATmega328P, ambayo ndiyo maikrokontrola ya Nano, ina RAM ya KB 2 pekee, kwa hiyo utajifunza ubahili mapema.

Mota usiiunganishe moja kwa moja na pini. Kikomo cha pini moja ni miliampea 40, na ni busara kubaki chini ya 20, kwa hiyo tumia transista, swichi ndogo inayoendeshwa na pini. Na siku ukihamia ESP32, maikrokontrola nyingine, kumbuka pini zake ni za volti 3.3, kwa hiyo sensa inayotoa volti 5 itahitaji rezista mbili za kuipunguza kabla haijagusa pini.