Mtu wa mwisho mstarini

Wiki hii mmeuliza kama msomaji angekubali kujitolea kusimamia uchaguzi katika mtaa anaoishi. Nilipolisoma swali hilo nilikuwa tayari kuandika neno moja tu, "hapana", lakini nikaona kwamba neno hilo likiachwa peke yake litanifanya nionekane mvivu, na mimi si mvivu.

Nilikuwa karani mwongozaji wa wapiga kura hapa Makambako, Jumapili ya tarehe 25 Oktoba 2015. Niliomba mwenyewe baada ya kuona tangazo ubaoni, na posho ilikuwapo, kwa hiyo sitajidai kwamba nilijitolea kwa maana kamili ya neno hilo. Hamu ilinishika tangu Februari ya mwaka ule, mashine za BVR, zile za kuchukua alama za vidole, zilipoanza kuandikisha wapiga kura kwa kuanzia na mji wetu, hata kwa siku kadhaa tukajiona sisi ndio Tanzania. Tulihudhuria semina, tukala kiapo cha kutunza siri, tukatamka kwamba si wanachama wa chama chochote cha siasa au kwamba tumejitoa. Kazi yangu ilikuwa nyepesi kuielezea: kupanga mstari, kumwonesha kila mtu kituo chake, na kuwatanguliza wazee, wagonjwa, wajawazito na wenye watoto wachanga.

Kilichonitesa ni kanuni moja. Kituo hufungwa saa 10:00 jioni, lakini aliyekwisha kusimama mstarini kufikia saa hiyo hupiga kura hata jua likizama, na ili pasiwe na ubishi askari husimama nyuma ya mtu wa mwisho. Askari wetu alikwisha kusimama, nami nikiwa kando yake nikiyafumba macho kwa vumbi la upepo wetu huu, ndipo nikamwona jirani yetu, mama ambaye kwa umri ni bibi yangu, akija mbio mbio kutoka upande wa makaburini, viatu mkononi, udongo mwekundu ukiwa umempanda hadi kwenye vifundo vya miguu. Sikuhitaji kumuuliza alikotoka, kwa sababu mama yangu mzazi alikuwa kwenye mazishi hayo hayo. "Kamwene," akanisalimu, nami nikaitikia, kisha akapita na kusimama nyuma ya askari kana kwamba askari naye alikuwa amekuja kupiga kura.

Simu yangu ilionesha saa 10 na dakika 4. Saa ya mkononi ya wakala mmoja wa chama ilionesha saa 10 kamili, na ya mwenzake saa 10 na dakika 6. Wakala wa kwanza alitaka mama apige kura kwa kuwa ni mzee na ametoka msibani. Wa pili akasema sheria haina msiba. Msimamizi wa kituo, aliyekuwa ndani na makaratasi yake, akanijibu kwamba mstari ni wangu. Nikamwambia mama kwamba muda umekwisha. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, hata mimi?" kisha akajishikiza kwenye ukuta wa darasa, akavaa kiatu kimoja, akapumzika, akavaa cha pili, huku watu wa mstarini wakitutazama kwa zamu.

Hazikupita dakika mbili akafika kijana wa bodaboda, kofia ngumu bado kichwani. Hapo mawakala wakabadilishana maneno: aliyemtetea mama akaikumbuka sheria, na aliyeikumbuka sheria akagundua kwamba saa za simu haziaminiki. Kila mmoja alikuwa ameshampigia kijana yule kura kichwani mwake. Nilimkatalia naye, na kwa kuwa mama alikuwa ameshaondoka, sikuhitaji hata kufikiri.

Nilikusudia kuandika kwamba kazi hii apewe mtu wa kuletwa, asiyejua nani katoka kuzika. Kwa miezi mingi mama yule aliipokea salamu yangu kwa kutikisa kichwa tu, na kwetu hilo si jambo dogo. Lakini kadiri ninavyoandika naona kwamba mgeni angeelezwa na mawakala hao hao watu hawa ni nani, naye asingekuwa na la kuwajibu. Mimi niliwajua wote wawili, na mawakala walijua kwamba nimemkatalia mtu ninayemwamkia kila asubuhi. Usiku ule, walipokuwa wakitia saini fomu za matokeo kwa mwanga wa taa ya kuchaji, hakuna aliyeuliza habari za mstari.

Basi, jibu langu limegeuka njiani: ningekubali, na hapa hapa mtaani. Ila saa moja kubwa itundikwe nje ya kituo tangu asubuhi, na mawakala wote waikubali kabla mtu wa kwanza hajaingia. Na kama msimamizi ataniruhusu kuchagua, nipangwe ndani, kwenye chupa ya wino. Mstari apewe mwingine.