Mpini wa rivolva kuukuu: pima chuma, jina liache

Vibao vya kwanza vya mpini nilivyoinunulia rivolva yangu vilikaa kama kiatu cha kuazima. Juu vilishika vizuri, chini kwenye kisigino cha mpini vikaacha mwanya unaopitisha ukucha. Lakini kwenye boksi paliandikwa wazi: Smith & Wesson, fremu K, ule ukubwa wao wa kati. Na yangu ni fremu K kweli.

Kosa lilikuwa langu. Rivolva hii ni ya kabla ya 1957, kabla kampuni haijaanza kugonga namba za modeli kwenye chuma, na ilinifikia ikiwa imeshapita kwa fundi. Mtutu umefupishwa, chuma kimetiwa weusi upya, na kitako cha mpini kilichotoka kiwandani na pembe mraba kimepigwa tupa hadi kikawa mviringo. Mtindo huo ni wa zamani, J. H. FitzGerald wa kampuni ya Colt alikuwa akizikata rivolva hivyo tangu miaka ya 1920, ili zisinase mfukoni. Shida ni kwamba mviringo wa fundi si ule wa kiwandani. Vibao vya kitako mraba vinaning'inia, vya kitako mviringo havifiki.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, hakikisha silinda haina risasi hata moja, vua vibao, kisha laza mpini juu ya karatasi ngumu uuchore kwa penseli iliyochongwa vizuri. Weka alama ya tundu la skrubu na ya kile kipini kidogo kinachozuia vibao visicheze. Mchoro huo ndio wa kumtumia muuzaji. Jina la modeli litakudanganya.

Kuvua nako kuna adabu yake. Usichokonoe kibao kwa bisibisi, utakimega ukingo. Legeza skrubu mizunguko michache bila kuitoa, halafu gonga kichwa chake polepole kwa mpini wa bisibisi. Kibao cha upande wa pili kitajiinua chenyewe.

Mimi mwishowe nilinunua vibao vya mti wa jozi vya kitako mraba, vikubwa kuliko nilivyohitaji, nikavipunguza mwenyewe. Nilipaka chuma masizi ya mshumaa, nikabana kibao, nikakivua: palipochafuka ndipo panapogusa, ndipo pa kukwangua. Kidogo tu, kisha unarudia. Jioni mbili zilikwisha hivyo. Tupa iguse mti, isiguse chuma kamwe, maana kwenye rivolva nyingi za zamani namba ya usajili iko chini ya kitako, na kuifuta ni kujitafutia kesi.

Kuhusu mpira badala ya mti: mkononi unastarehesha, hasa kwa risasi zenye teke kali, ila unang'ang'ania nguo na kwa macho yangu unaiharibia sura bastola ya umri huo. Pembe za ndovu sahau. Hata zikiwa kuukuu zitakuletea maswali ya vibali. Kama kinachokuudhi ni pengo lililo nyuma ya kinga ya kifyatulio, linalofanya kidole cha kati kigongwe kila unapopiga, huenda huhitaji vibao vipya kabisa. Kipande cha alumini kama Tyler T-Grip huingia hapo na vibao vya asili vikabaki. Ningelijua mapema, pengine nisingekwangua mti hata kidogo.

Jaribu pia kufungua silinda vibao vikiwa vimefungwa. Kibao kinene cha kushoto huziba njia ya maganda ya risasi, nami ilinibidi nichonge kibonde kidogo pale.

Vibao vilivyokuja na rivolva nimevihifadhi. Ndani ya kile cha kulia kuna namba ya usajili, kama kiwanda kilivyozoea kuiandika enzi hizo, nami nililinganisha na iliyoko kwenye chuma. Haikufanana. Vilitoka bastola nyingine kabisa, na huenda nayo iko mahali fulani inavisubiri.