Maswali ya Wasomaji: Uzamivu katika Maabara ya Biolojia

SWALI: Nina shahada ya uzamili; tasnifu yangu ilihusu mbu wanaostahimili dawa ya vyandarua. Nimewaandikia maprofesa wengi, wa Kampala na wa ng'ambo, kuomba nafasi ya uzamivu (PhD), nikaambatisha vyeti vyote. Hakuna anayejibu. Nakosea wapi?
Msomaji, Tororo

JIBU: Ndugu msomaji, katika barua ya kwanza vyeti havifunguliwi. Profesa anataka kujua mambo mawili tu: kama unaelewa maabara yake inafanya nini, na kama kuna kazi unayoiweza kwa mikono yako. Barua ya "natamani sana kujiunga na maabara yako tukufu" anajua imetumwa kwa kila mtu, anaifuta.

Soma makala zake mbili au tatu za karibuni, kisha andika maneno yasiyozidi 200. Kwa utafiti wako, kiini cha barua kingekuwa hivi (kwa wasomaji wengine: pemethrini ni dawa ya vyandarua, kdr ni badiliko la jeni linalompa mbu ustahimilivu, na PCR ni njia ya kunakili DNA ili ipimwe):

"Niliwaweka mbu wa Anopheles gambiae kwenye karatasi za pemethrini ya asilimia 0.75 kwa saa moja, nikahesabu waliokufa baada ya saa 24, kisha nikapima jeni ya kdr kwa PCR. Waliosalimika ni wengi kuliko wanavyoweza kuelezwa na kdr peke yake. Nimesoma kazi yenu kuhusu vimeng'enya vinavyovunja dawa, nami ningependa kuvipima katika mbu hawa. Je, mtapokea mwanafunzi mwaka ujao, na ufadhili upo?"

Ambatisha wasifu wa kurasa mbili, basi. Zikipita wiki mbili kimya, kumbusha mara moja; ukizidisha unakuwa kero. Mdhamini wako, yaani atakayekuandikia barua ya mapendekezo, awe aliyekusimamia maabarani, hata kama cheo chake ni kidogo. Barua ya mkuu wa kitivo asiyekujua haina uzito.

Nchi nazo zinatofautiana. Marekani, kwa kawaida unaomba kwenye programu ya chuo, mara nyingi kabla au katikati ya Desemba, na mwaka wa kwanza unapitia maabara mbili au tatu kabla ya kuchagua moja. Profesa hawezi kukupokea peke yake, na uzamili si lazima. Ujerumani nafasi nyingi hutangazwa kama kazi, na uzamili huhitajika.

Hapa nyumbani Uganda, kwenye vyuo vikuu kama Makerere au Mbarara, tafuta kwanza msimamizi atakayekubali wazo lako, ndipo uombe chuoni. Lakini kukubaliwa si kulipiwa. Watu hupigia hesabu karo wakasahau vitendanishi (kemikali za vipimo vya maabara), mafuta ya gari la kwenda vijijini na gharama za kusoma mfuatano wa jeni. Muulize msimamizi bila haya: ruzuku yake inaisha lini? Ikiwa imebaki miaka miwili na utafiti wako ni wa minne, nusu ya pili italipwa na nani?

SWALI: Nimealikwa kuzungumza na msimamizi kwa Zoom. Niulize nini kuhusu maabara yenyewe?
Msomaji, Mbarara

JIBU: Yeye mwulize kuhusu mradi, mengine waulize wanafunzi wake, bila yeye kuwepo. Waliomaliza walichukua miaka mingapi? Walioacha, kwa nini?

Kisha umeme. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ina jenereta inayojiwasha? Umeme ukikatika Jumamosi usiku, nani anapigiwa simu? Sampuli za RNA (molekuli inayobeba nakala ya maagizo ya jeni) zikiyeyuka zinaharibika, na huwezi kurudi kuzikusanya kwa msimu uleule. Uliza pia vitendanishi huchukua muda gani kufika. Vimeng'enya vya PCR hukaa nyuzi 20 chini ya sifuri. Kifurushi kikikwama forodhani Entebbe mpaka barafu kavu iishe, fedha imepotea.

La mwisho ni vibali. Utafiti unaohusu watu hupita kamati ya maadili kwanza, halafu Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Ukiingia hifadhi za taifa kama Kibale au Bwindi, unahitaji pia kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori. Sampuli zikienda nje ya nchi, pana mkataba wa kuzihamisha. Uliza kama vibali vya maabara vinaufunika mradi wako. Kama sivyo, tenga miezi kadhaa kabla ya sampuli ya kwanza, na andika muda huo kwenye andiko lako la utafiti.